Kutoka Uvimbe hadi Nefrini: Historia ya Maungio ya Seli katika Kichujio cha Figo

Mwaka 1827 Richard Bright, tabibu wa hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha uchunguzi uliounganisha mambo matatu: uvimbe wa mwili, protini katika mkojo na figo zenye kasoro. Tangu hapo ilifahamika kwamba figo gonjwa huvujisha protini. Mahali hasa pa uvujaji huo palibaki fumbo kwa zaidi ya karne moja.

Hadubini ya elektroni ndiyo iliyofungua mlango. Katika miaka ya 1950, Marilyn Farquhar na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa nefrosisi, podosaiti hupoteza umbo lake. Seli hizo huuzunguka mshipa mwembamba wa damu kwa vidole vinavyopishana. Ugonjwa unapoingia, vidole hivyo huwa bapa. Mwaka 1974 Richard Rodewald na Morris Karnovsky walieleza kwamba mwanya kati ya vidole umezibwa na kiwambo chenye mpangilio kama wa zipu. Umbo lilionekana, bali malighafi yake haikujulikana.

Jibu lilitokana na ugonjwa adimu wa watoto. Mwaka 1956 Niilo Hallman na wenzake walikuwa wameeleza nefrosisi ya watoto wachanga nchini Ufini, ambako humpata takriban mtoto 1 kati ya 8,000 hadi 10,000 wanaozaliwa. Kwa kufuatilia familia hizo, kundi la Karl Tryggvason liligundua jeni husika mwaka 1998 na kuiita protini yake nefrini. Mwaka uliofuata nefrini ilithibitishwa kuwamo katika kiwambo chenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa Paris, wakiongozwa na Corinne Antignac, walitambua podosini, protini inayoshikamana na nefrini na ambayo kasoro yake huleta nefrosisi isiyotibika kwa steroidi.

Ugunduzi huo ulibadili dhana. Kiwambo hakikuwa tena chekeche tu, bali ungio hai la seli. Mwaka 2006 ilibainika kwamba nefrini hupeleka ishara, kupitia protini za Nck, hadi kwenye nyuzi za aktini zinazoshikilia umbo la vidole. Hivyo ungio likiharibika, kiunzi cha seli nacho hulegea.

Matokeo ya kitabibu yalikuwa mazito. Mtoto asiye na nefrini hasaidiwi na steroidi. Nchini Ufini tiba ikawa kuondoa figo, kusafisha damu na hatimaye kupandikiza figo nyingine. Hata hivyo, baadhi ya watoto hao walitengeneza kingamwili dhidi ya nefrini ya figo mpya, kwa kuwa miili yao haikuwahi kuifahamu, na protini ikarudi mkojoni. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2022, kingamwili za aina hiyo ziliripotiwa kwa baadhi ya wagonjwa wa nefrosisi ya mabadiliko madogo ambao hawakuwahi kupandikizwa figo.

Historia hii ina mafunzo mawili kwa watunga sera. Kwanza, nefrosisi ni jina la dalili, si la chanzo. Palipo na uwezo wa kupima jeni, kipimo hicho humwepusha mtoto na madhara ya dawa isiyomfaa. Pili, kumbukumbu makini za ugonjwa adimu si anasa: rekodi za familia chache za Ufini ziliangazia maradhi ya wengi.