Nani Hutangulia Kujaribu? Kutoka Entebbe hadi Basotu

Kila kitu kipya hupata mtu wa kwanza wa kukijaribu. Swali la kisiasa ni hili: mtu huyo ni nani, na je, aliridhia?

John Cunningham, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1917, aliridhia. Alikuwa mkuu wa marubani wa majaribio wa kampuni ya de Havilland, cheo alichokishika baada ya mtangulizi wake, Geoffrey de Havilland mdogo, kufa akijaribu ndege Septemba 1946. Tarehe 27 Julai 1949, siku aliyotimiza miaka 32, Cunningham aliirusha kwa mara ya kwanza Comet, ndege ya jeti iliyokusudiwa kubeba abiria. Wajibu wake ulikuwa kukutana na hitilafu kabla abiria hajakutana nayo. Nasi tulikuwamo katika historia hiyo: safari ya kwanza ya jeti ya abiria wa kulipa, iliyoanza London tarehe 2 Mei 1952 kuelekea Johannesburg, ilitua Entebbe.

Hata hivyo, zipo kasoro ambazo rubani hodari hawezi kuzihisi. Ndege ileile iliyofungua safari hiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954. Watu 35 walikufa. Aprili 8, Comet nyingine ilianguka karibu na Naples na kuua 21. Abiria hao walikuwa wamegeuzwa wajaribu bila kujua. Lakini dola iliuliza kwa nini. Huko Farnborough, wataalamu walikizamisha kiwiliwili cha Comet katika tangi la maji, wakapandisha na kushusha shinikizo ndani yake mara kwa mara hadi kikapasuka. Metali ilikuwa imechoka. Uchunguzi ulifanyika hadharani, na hata kampuni shindani zikafaidika na matokeo yake. Cunningham aliendelea kuijaribu Comet iliyoboreshwa, na mwaka 1960 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likaanza kuitumia.

Sasa tutazame Basotu, wilayani Hanang, eneo lililokuwa zamani sehemu ya Mbulu. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba ya ngano yaliyofikia takriban ekari 100,000, kwa mitambo na mbinu za nyanda za Kanada. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Hata makaburi ya wazee wao yalilimwa. Hapa aliyejaribiwa mradi hakuulizwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, hoja mojawapo ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria.

Tofauti ndiyo hiyo. Comet ilipoanguka, mzigo wa kujieleza uliwaangukia walioiunda. Mradi wa Basotu ulipoumiza, mzigo wa kuthibitisha uliwaangukia walioumia.

Ngano ilihitajika, nami sibishi. Hata ndege ilihitajika. Lakini mtumishi wa umma anayepeleka mpango mpya Mbulu au Hanang ana wajibu wa kujibu mambo mawili kabla ya kutia saini: nani atabeba hasara ukishindwa, na je, mtu huyo ana uwezo wa kusema hapana? Cunningham aliweza. Mfugaji wa Basotu hakupewa nafasi hiyo.