Mswaki mugumu, tuliurisi wapi?

Leo naandika juu ya meno, hata kama mimi ni mutu wa agronomi.

Nimekomalia chini ya volkano, upande wa Goma. Wengi wetu kule tuko na meno ya madoa ya kahawia. Tulizani ni uchafu. Mimi nilisugua asubuhi na usiku, kwa mswaki mugumu wa sokoni, siku zingine na unga wa makala ya kupikia. Doa halikutoka. Kilichotoka ni ufizi. Mwaka wa mwisho wa lisanse, maji baridi ilikuwa inanichoma, na pale jino linapoingia ndani ya ufizi kulichongeka kama mutaro. Munganga wa meno aliuliza tu: "Unasuguaka na nguvu gani?"

Njo nikaanza kutafuta ni nani alitufundisha kwamba mswaki muzuri ni ule mugumu.

Kabla ya yote kulikuwa kijiti cha kutafuna. Kisha Wachina wakafunga manyoya ya nguruwe kwenye mfupa. Kule Uingereza, karibu mwaka 1780, William Addis akaanza kutengeneza miswaki ya mfupa na manyoya ya wanyama, ikawa biashara kubwa. Nguruwe wa inchi za baridi walipendwa juu manyoya yao ni magumu. Mwaka 1938 nailoni ya DuPont ikaingia kwenye mswaki. Mutu angezani sasa ufizi utapumua. Hapana, nailoni ya kwanza ilikuwa nene na ngumu. Ile laini ilikuja kisha, miaka ya 1950.

Na onyo lilikuwa limeshatolewa. Mwaka 1907, Willoughby Miller, Mumarekani aliyefanya kazi miaka mingi Berlin, aliandika juu ya majaribio yake ya kusugua meno yaliyong'olewa. Aliona kwamba unga wa chembe kali njo unachonga jino. Makala yangu, basi!

Ule ninayemupenda zaidi ni Charles Bass wa New Orleans. Mwaka 1912 alijulikana kwa kukuza vijidudu vya malaria ndani ya chupa. Uzeeni akageukia meno, na mikroskopi yake. Mwaka 1948 aliandika kwamba nyuzi za mswaki ziwe laini, unene karibu milimita 0,18, na ncha zake ziwe za mviringo, zisiwe zimekatwa tu, maana ncha iliyokatwa inakwaruza. Mwaka 1954 akaeleza namna: inamisha mswaki kuelekea ufizi, karibu digri 45, tikisa kidogo kidogo. Ule utando wa vijidudu ni laini, unajificha pembeni ya ufizi. Haulazimishe nguvu, unalazimisha kufikiwa.

Kwangu ilieleweka kupitia mulima. Udongo ukishateremka na mvua, mizizi ya kahawa inabaki uchi. Muzizi wa jino hauna ile ganda ngumu ya juu, kwa hiyo unachongeka haraka. Tofauti ni kwamba kwenye shamba tunaweza kupanda majani ya kushika udongo, lakini ufizi ukishashuka haurudi wenyewe.

Na doa? Kule Colorado, Marekani, Frederick McKay alianza kuchunguza meno ya kahawia mwaka 1901. Jibu lilipatikana mwaka 1931: fluori nyingi ndani ya maji ya kunywa. Inaingia kwenye jino wakati bado linaumbika, mutoto akiwa mudogo. Maji ya kwetu, yanayopita kwenye mawe ya volkano, ni vilevile. Miaka yote ile nilikuwa nasugua maji niliyokunywa nikiwa mutoto.

Mwezi uliopita nilimununulia mudogo wangu mswaki laini. Aliugusa na kidole, akacheka: "Yaya, hii iko kama manyoya ya kifaranga, itatosha nini?" Ule mugumu angali nao, kando ya kopo ya majivu.