Brno, Mji wa Mahakama za Wacheki

Anayetaka kuwaona watawala wa Jamhuri ya Cheki huenda Praha, aliko rais, liliko bunge na waliko mawaziri. Anayetaka kuwaona wanaoweza kuwaambia watawala hao kwamba wamevunja sheria hana budi kusafiri kama kilomita 200 kuelekea kusini-mashariki, hadi Brno. Katika mji huu, uliokuwa makao makuu ya jimbo la kihistoria la Moravia, zimo Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Juu, Mahakama ya Juu ya Utawala, ofisi kuu ya waendesha mashtaka na ofisi ya mtetezi wa haki za wananchi.

Brno haikuanza jana kuwa mji wa sheria. Mwaka 1243 Mfalme Václav wa Kwanza aliwapa wakazi wake hati ya haki za mji, nao wakaanza kuamua mashauri yao katika baraza lao. Karne moja baadaye alitokea karani wa mji aliyeitwa Jan, msomi mwenye jicho la mwanasheria. Aliona hukumu zinatolewa leo na kesho zinasahaulika, akaamua kuziandika.

Kitabu chake, alichokikamilisha katikati ya karne ya 14, kiliandikwa kwa Kilatini na kupangwa kwa mada zinazofuata mpangilio wa alfabeti, ili diwani aliyekabiliwa na kesi ya deni, urithi au wizi apate haraka anachokitafuta. Jan hakukusanya hukumu tu. Alieleza pia sababu zake, na pale mila za mji zilipokuwa kimya alichota kanuni kutoka sheria za Kirumi. Miji midogo ya Moravia ilizoea kuliomba ushauri baraza la Brno, na kitabu hicho kikaeneza mbali fikra za mji huo. Mwaka 1579 Pavel Kristián wa Koldín alipochapisha mkusanyo wa sheria za miji ya Bohemia, nchi jirani na Moravia, alijenga juu ya msingi ule uliowekwa na karani wa Brno.

Mamlaka hayo ya wenyeji yalipata pigo kubwa baada ya mwaka 1620, jeshi la Wacheki walioasi dhidi ya Habsburg liliposhindwa katika vita vya Mlima Mweupe. Maliki Ferdinand wa Pili aliitungia Bohemia katiba mpya mwaka 1627, na mwaka uliofuata Moravia nayo ikapata yake. Kiti cha enzi kikawa cha urithi wa ukoo wa Habsburg, Ukatoliki ukabaki dhehebu pekee la Kikristo lililoruhusiwa, na Kijerumani kikaingia mahakamani kwa hadhi sawa na Kicheki. Ngome ya Špilberk, iliyo juu ya kilima cha Brno, ikaja kuwa gereza la kuogopwa lililowafunga wapinzani wa dola ya Habsburg, akiwemo mshairi wa Kiitalia Silvio Pellico.

Hata hivyo, utawala wa Habsburg uliacha pia sheria zilizodumu. Sheria ya Kiraia ya Austria ya mwaka 1811, iliyohusu mikataba, mali na familia, iliendelea kutumika katika nchi za Wacheki hadi mwaka 1950, miongo mitatu baada ya dola yenyewe kuvunjika.

Chekoslovakia ilipozaliwa mwaka 1918, iliunda Mahakama ya Juu ndani ya siku chache, na mwaka 1919 mahakama hiyo ikahamia Brno. Mwaka huohuo mji ukapata Chuo Kikuu cha Masaryk, chenye kitivo cha sheria kilichoongozwa na František Weyr, mmoja wa waandishi wa katiba ya mwaka 1920. Katiba hiyo iliifanya Chekoslovakia kuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuwa na mahakama maalumu ya katiba.

Kisha yakaja maafa. Wanazi walivifunga vyuo vikuu vya Wacheki mwaka 1939. Wakomunisti walishika nchi mwaka 1948, na miaka miwili baadaye wakakifuta kitivo cha sheria cha Brno. Mahakama ya Juu ikarudishwa Praha, karibu na chama. Majaji walibaki na majoho yao, lakini katika kesi za kisiasa hukumu ziliamuliwa kwingine.

Utawala huo ulianguka mwaka 1989. Chekoslovakia ilipogawanyika na Jamhuri ya Cheki kuanza maisha yake mwaka 1993, Mahakama ya Juu ilirejeshwa Brno, na Mahakama mpya ya Katiba, yenye majaji 15, ikapewa jengo lililojengwa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya bunge la Moravia. Mwaka huohuo wa kwanza wabunge waliipelekea sheria iliyoutangaza utawala wa kikomunisti kuwa haramu, wakiomba ifutwe. Mahakama ilikataa. Ilisema kwamba katiba mpya imejengwa juu ya maadili, na kwamba kufuata taratibu pekee hakuufanyi utawala kuwa halali.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka 2009. Vyama vikubwa vilipitisha sheria ya kikatiba ya kufupisha muhula wa bunge mara hiyo moja tu, ili uchaguzi ufanyike Oktoba. Mbunge Miloš Melčák akalalamika kwamba ananyang'anywa muda aliopewa na wapiga kura. Tarehe 10 Septemba, wiki chache kabla ya siku ya kura, mahakama iliibatilisha sheria hiyo: hata wenye uwezo wa kubadili katiba hawawezi kuisimamisha kwa tukio moja linalowafaa.

Wanasiasa walikasirika, wakalalamika, lakini wakatii. Uchaguzi ulifanyika Mei 2010. Katika nchi ambayo chama kilikaa juu ya mahakama kwa miaka 41, utii huo ndio ushindi mkubwa kuliko wote ambao Brno imeupata tangu mahakama zirudi.