Ugonjwa wa miguu na midomo: je, itapatikana chanjo moja ya kumaliza kazi?

Mfugaji wa Zuzu anachanja ng'ombe wake mwezi wa nne. Mwezi wa kumi na moja anawakuta zizini wanatoa udenda na kuchechemea. Swali lake huwa moja: kama nilichanja, mbona wameugua? Wengine husema chanjo ilikuwa maji matupu. Wengine huapa kutochanja tena.

Ni kweli kwamba chanjo iliyokaa juani huharibika na haifanyi kazi. Lakini hata chanjo nzuri iliyotunzwa vizuri inaweza kushindwa na ugonjwa huu, na sababu iko kwenye kirusi chenyewe. Katika makala haya tunaeleza kwa nini, matumaini ya chanjo moja ya kudumu yako wapi, na nini cha kufanya wakati tunaisubiri.

Ugonjwa wenyewe

Huu ni ugonjwa wa wanyama wenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, na porini nyati na swala. Punda hapati. Ng'ombe hupata homa, kisha malengelenge kwenye ulimi, fizi, katikati ya kwato na kwenye chuchu. Yakipasuka huacha vidonda, na mnyama hawezi kula, kutembea wala kukamuliwa.

Ng'ombe mkubwa hufa mara chache. Ndama ndiye huweza kufa ghafla, kwa sababu kirusi hushambulia moyo wake. Hasara kubwa iko kwingine: maziwa hukauka, mnyama hukonda, na maksai hulala zizini wakati mvua ya Desemba imeshanyesha na shamba la uwele au alizeti linangoja kulimwa.

Watu huuliza kama nao wanaambukizwa. Kwa kawaida, hapana. Ule ugonjwa wa watoto wenye vipele mikononi, miguuni na mdomoni unaletwa na virusi vingine na hautoki kwa ng'ombe.

Sotoka ilishindwaje?

Wazee wa Ugogo wanaijua sotoka, wao wenyewe au kwa simulizi za baba zao. Iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kufagia mazizi, ikaua na nyati porini. Leo haipo tena. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa kabisa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu, baada ya ndui.

Silaha kubwa ilitengenezwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ambayo sindano moja ilimpa ng'ombe kinga ya miaka mingi. Kubwa zaidi, chanjo hiyo moja ilifaa dhidi ya sotoka ya Afrika na ya Asia, kwa sababu kwa upande wa kinga kirusi cha sotoka kilikuwa cha aina moja tu.

Ndiyo maana wafugaji wengi wanatarajia chanjo ya miguu na midomo nayo ifanye hivyo hivyo. Lakini kirusi hiki si kama kile.

Kirusi chenye aina saba

Kirusi cha miguu na midomo kina aina kuu saba: O, A, C, Asia 1, SAT 1, SAT 2 na SAT 3. Herufi O inatokana na Oise, eneo la Ufaransa, na A inatokana na jina la Ujerumani kwa Kifaransa. SAT ni kifupi cha jina la Kiingereza la maeneo ya kusini mwa Afrika. Aina C haijaonekana tena duniani tangu mwaka 2004, ilipopatikana Kenya na Brazil.

Hapa Tanzania zinazosumbua ni nne: O, A, SAT 1 na SAT 2. Ng'ombe aliyepona aina O hana kinga dhidi ya SAT 1. Anaweza kuugua mwaka huu kwa aina moja na mwaka unaofuata kwa nyingine, na mwenye zizi akadhani ni ugonjwa ule ule umerudi.

Tuseme hivi. Mwili wa ng'ombe humtambua adui kwa ganda lake la nje, kama mfugaji anavyomtambua ng'ombe wake kwa chapa. Chanjo inatengenezwa kwa kirusi kilichouawa, nayo kazi yake ni kuuonyesha mwili chapa hiyo mapema. Aina hizi zina chapa tofauti. Tena, ndani ya kila aina kirusi hujinakili haraka sana na kwa makosa mengi, na kila kosa linaweza kubadilisha chapa kidogo. Baada ya miaka kadhaa, chanjo ya zamani inaweza isikitambue kirusi kipya hata kama jina la aina ni lile lile.

Jambo la pili ni kwamba kinga ya chanjo hizi haidumu. Kwa kawaida mnyama huchanjwa mara mbili mwanzoni, kwa kupishana wiki tatu au nne, kisha hurudiwa kila baada ya miezi minne hadi sita. Sasa turudi kwa mfugaji wetu. Kama alichanja mara moja tu mwezi wa nne, kufika mwezi wa kumi na moja ng'ombe wake hawakuwa na kinga ya kutegemea, hata kama aina ya kirusi ilikuwa ile ile.

Matumaini yako wapi?

Tunaweza kuyagawa katika hatua tatu, kuanzia iliyo karibu.

Ya kwanza ni chanjo moja yenye aina zote nne zinazosumbua Afrika Mashariki, iliyotengenezwa kwa virusi vinavyofanana na vinavyozunguka huku kwetu. Kuna mpango wa kimataifa unaowahamasisha watengenezaji kuzalisha chanjo bora za namna hiyo kwa ajili ya nchi zetu. Hii si chanjo ya kudumu milele, lakini inampunguzia mfugaji kazi ya kubahatisha aina.

Ya pili ni chanjo ya maganda matupu. Watafiti, wakiwemo wa taasisi ya Pirbright ya Uingereza, wametengeneza ganda la kirusi lisilo na kitu ndani, na kuliimarisha ili livumilie joto zaidi. Faida yake ni kwamba kiwanda hakihitaji kukuza kirusi hai ambacho kinaweza kuponyoka. Kwa nchi ya joto yenye umeme wa kukatika, chanjo isiyoharibika upesi ni jambo kubwa.

Ya tatu ndiyo ndoto yenyewe: chanjo ya aina zote. Kirusi kina sehemu zisizobadilika, kwa sababu zikibadilika kinashindwa kuishi. Shida ni kwamba nyingi zimejificha, na mwili hauzioni kwa urahisi. Unavutwa na chapa ya nje. Watafiti wanatafuta namna ya kuufundisha mwili kuzitambua sehemu hizo. Kazi hiyo bado iko maabara. Hata kwa mafua ya binadamu, ambayo chanjo yake hubadilishwa karibu kila mwaka, na kwa virusi vya corona, chanjo ya namna hiyo inatafutwa kwa fedha nyingi na bado haijafika zahanati.

Kwa hiyo msikilizaji akiambiwa mnadani kwamba ipo sindano moja inayozuia miguu na midomo maisha yote, ajue hiyo bado haipo.

Kwa nini taarifa yako ni sehemu ya chanjo

Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha mambo mawili muhimu. Nyati wanabeba virusi vya SAT, lakini milipuko mingi kwa ng'ombe ilitokana na mifugo kuambukizana yenyewe kwa yenyewe. Pia aina za kirusi zilikuja kwa zamu, kama mawimbi: moja ilitawala, ikapungua, ikafuata nyingine. Zamu hiyo ikijulikana mapema, chanjo inayofaa inaweza kutolewa kabla wimbi halijafika.

Lakini itajulikanaje bila sampuli? Kipande cha ngozi ya lengelenge bichi, kikichukuliwa na mtaalamu na kufika maabara, ndicho kinachosema aina gani imeingia. Kirusi kisichopimwa hakiingii kwenye chanjo.

Tunajua kwa nini wengi hunyamaza. Ukitoa taarifa, karantini inawekwa na mnada unafungwa, na ada ya shule haisubiri. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini anayenyamaza na kupeleka ng'ombe mgonjwa Msalato anausambaza ugonjwa hadi kwenye mazizi ya watu wengi, na karantini inayofuata huwa ndefu na pana zaidi.

Wakati tunasubiri

• Ukiona udenda, malengelenge au kuchechemea, mwambie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo, kabla vidonda havijakauka.
• Wagonjwa wasinywe lambo moja na ng'ombe wa majirani. Kirusi husafiri kwa mate, maziwa, pumzi, viatu na magari.
• Ng'ombe mpya, awe ametoka Bahi, Manyoni au kwingine, atengwe kwa siku 14 angalau. 21 ni bora zaidi.
• Kabla ya kuchanja, uliza: chanjo hii ina aina zipi? Imekaa kwenye ubaridi? Nirudie lini? Andika tarehe.
• Chanja kabla ya msimu wa kulima. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua.
• Chanjo ya homa ya mapafu haikingi miguu na midomo. Kila ugonjwa una chanjo yake.

Sotoka iliondoka kwa chanjo nzuri, lakini pia kwa sababu wafugaji na wachanjaji walitoa habari ya kila zizi lenye ugonjwa mpaka la mwisho. Kazi hiyo ya pili haihitaji kusubiri maabara. Inaweza kuanza Zuzu wiki hii.