Kiraka kilichoipa bunduki shabaha

Mwaka 1800 jeshi la Uingereza lilikuwa na tatizo la kifizikia. Gumegume la kawaida la askari wake lilikuwa na mtutu laini ndani, na risasi ilifanywa ndogo kuliko tundu ili ishuke haraka hata masizi ya baruti yakishaganda. Basi ilitoka ikigongagonga kuta, na ukuta iliougonga mwisho ndio uliamua inaelekea wapi.

Ezekiel Baker, fundi bunduki wa London, alitengeneza mtutu wenye mifereji 7 iliyojipinda ndani. Mifereji huizungusha risasi, nayo ikizunguka hutulia hewani kama pia. Lakini mifereji haizungushi kitu kisichoigusa, na risasi inayobana utaifikishaje chini? Mwanzoni askari walipewa nyundo ndogo za mbao za kuigongea. Hazikudumu.

Kilichofaa ni kiraka: kipande cha ngozi laini au kitambaa kilichopakwa mafuta. Unakitandaza mdomoni mwa mtutu, unaweka risasi juu yake, unashindilia kwa mdeki. Risasi yenyewe haijai tundu; kiraka ndicho kinachojaza nafasi, kinashika mifereji na kuzuia gesi isivuje pembeni, huku mafuta yakilainisha masizi. Kikishatoka nje kinadondoka, risasi inaendelea peke yake. Kitako cha bunduki kilikuwa na kisanduku cha kuwekea viraka.

Kinachonivutia zaidi ni uamuzi mwingine wa Baker: katika mtutu wa sentimita 76, mifereji yake ilizunguka robo tu. Madini ya risasi ni laini. Ukiyasukuma kwa baruti nyingi kwenye mifereji iliyopinda sana, tufe linaweza kuiruka badala ya kuifuata. Na tufe, tofauti na risasi ndefu, halihitaji kuzunguka sana ili litulie.

Gharama ilikuwa muda. Mwenye gumegume la kawaida aliweza kupiga mara 3 kwa dakika. Mwenye kiraka, mara 1 au 2, na adui hakungoji umalize. Kwa hiyo askari wa Kikosi cha 95 walibeba risasi za aina mbili: za kiraka kwa kulenga mbali, na zisizo na kiraka kwa siku ambayo Wafaransa wameshafika karibu. Tarehe 3 Januari 1809, huko Cacabelos, Hispania, mmoja wao, Thomas Plunket, alimlenga Jenerali Auguste de Colbert akampata. Colbert alikufa.