Uvinje na Mpaka wa Pori

Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, ndiko Bwana Heri alikopigana na Hermann von Wissmann hata mwaka 1890. Mwaka 1896 Wissmann yule yule, sasa gavana, akatoa amri ya wanyamapori: kuwinda bila kibali kukawa kosa, na mwindaji wa jana akageuzwa jangili.

Ugomvi wa Uvinje, kitongoji cha wavuvi papo hapo Saadani, una uchungu wa namna nyingine. Wazee wake husimulia kuwa pori la akiba la miaka ya 1960 walilikubali wenyewe, wageni wasije wakawamaliza wanyama, kwa sharti kwamba ardhi yao ya pwani ibaki yao. Ilipotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, wakaambiwa wamo ndani ya mpaka. Wakakataa kuhama, wakishikilia kuwa ramani haikuchorwa kama walivyoafikiana.