Dawa ya Deni

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa. Neno hili ni fupi, na haki yake haina mashaka, maadamu mdai na mdaiwa wanajulikana. Taabu huanza pale ambapo dawa yenyewe ndiyo iliyozaa deni, na aliyeinywa siye atakayelipa. Hapo shauri la watu wawili hugeuka kuwa la watu watatu, na katika hao watatu mgonjwa ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote. Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria umepitia hatua zote za mageuzi hayo, nayo yafaa kutazamwa moja baada ya moja.

Hapo kale mganga na mgonjwa walikabiliana uso kwa uso. Neno mteja, ambalo siku hizi hutumiwa na wenye maduka na mabenki, zamani lilikuwa na maana ya mtu aliyejiweka chini ya mganga ili atibiwe. Mganga alipewa kwanza ada ndogo ya kufungulia mkoba, na malipo mengine, kuku au mbuzi au hata ng'ombe, yalifuata kwa mapatano. Wakibishana, walibishana wao wenyewe mbele ya wazee. Hapakuwa na mtu wa tatu aliyeshika mfuko.

Kazi ya mshahara ndiyo iliyobadili mambo. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928; vinu vya kuchambulia pamba vikaenea Usukuma, na katika miaka ya 1930 dhahabu ikaanza kuchimbwa Geita. Panapo mashine pana majeraha. Kwa sheria ya kale ya Kiingereza, mfanyakazi aliyeumia hakupata kitu mpaka athibitishe kuwa bwana wake alikosa, na maskini aliyelala kitandani angethibitishaje? Ujerumani iliondoa sharti hilo mwaka 1884, na Uingereza ikafuata mwaka 1897. Katika Tanganyika sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilitungwa mwaka 1948. Tangu hapo mtu akiumia kazini kwa sababu ya kazi yake, hakuulizwa kwanza kosa ni la nani. Wajibu huo sasa umo mikononi mwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015.

Hiyo ilikuwa rehema kubwa. Lakini swali lililofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani. Pale ambapo haiulizwi tena nani amekosa, huulizwa: Je, tiba hii ilikuwa ya lazima? Je, bei yake ni ya haki? Na wanaoulizana si mjeruhiwa na bwana wake tena, bali ni tabibu na mwenye mfuko.

Kwa miaka mingi baada ya Uhuru ugomvi huo haukuwa na nafasi, kwa kuwa Serikali ndiyo iliyokuwa tabibu na mlipaji pamoja. Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki juu ya kilima cha jina hilo na kufunguliwa mwaka 1971, ilitwaliwa na Serikali mwaka uliofuata, ikarudishwa kwa Kanisa kwa mapatano mwaka 1985. Sheria ya mwaka 1977 ilikataza matibabu ya kutafuta faida. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Ndipo ilipotungwa sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, mtumishi akitoa asilimia 3 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 3. Tangu siku hiyo watu watatu wakakutana: mwenye kadi, mwenye hospitali, na mwenye mfuko.

Mvutano wao ulidhihirika wazi mwaka 2024. Mfuko ulikuwa umetangaza kitita kipya cha mafao chenye bei zake, na ukaamuru kianze tarehe 1 Machi. Wenye hospitali binafsi walisema bei hizo hazitoshi kulipia gharama. Mfuko ukasema lazima ujilinde usije ukafilisika. Kila upande ulikuwa na hoja ya kusikilizwa, maana hospitali isiyolipwa hufungwa, na mfuko unaolipa kila hati bila kuihakiki hukauka. Siku ilipofika, hospitali kadhaa za binafsi ziliacha kuwapokea wenye kadi, nao wakaelekezwa kwingine. Baada ya siku chache za mazungumzo huduma zilianza kurejea. Shauri lilizungumzwa mezani, wala halikungoja hukumu.

Marekani mashauri ya namna hii hujaza mahakama. Katika jimbo la New York, ambako bima ya magari isiyouliza kosa ilianza mwaka 1974, majeruhi humpa tabibu haki yake ya kudai kwa kutia sahihi. Bima hupewa siku 30 za kulipa au kukataa baada ya kupata uthibitisho wa dai, na ikikataa, tabibu huishtaki yeye mwenyewe. Katika Michigan mahakama kuu ya jimbo iliamua mwaka 2017 kwamba tabibu hana haki yake mwenyewe ya kuishtaki bima. Mwaka 2019 bunge la jimbo likampa haki hiyo kwa sheria. Mashauri hayo ni mengi na yana gharama, lakini yana faida moja: tabibu na bima hugombana baada ya mgonjwa kutibiwa, wala si kabla.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, nayo itaongeza wenye kadi, na kwa hiyo itaongeza madai. Ugomvi juu ya bei hautakwisha, wala si aibu kuwapo. Lililo la lazima ni kwamba uwe na mwamuzi anayejulikana na muda uliowekwa, na usikatize matibabu hata siku moja. Mzee anayevuka kutoka Nansio kwa kivuko, kadi mfukoni, amekwisha kulipa sehemu yake tangu alipokuwa kazini. Dawa ya deni ni kulipa, yeye amelipa. Waliobaki na walipane, lakini kwanza atibiwe.